Kitabu cha Malkia au cha Mwanamfalme? Uanze na kipi kati ya vitabu viwili vya sala vya The Cloisters

Toa kitambulisho chako cha NIDA ukiweke mezani. Kina sentimita 8.5 kwa 5.4 hivi, sawa na kadi yoyote ya benki. Ukurasa wa kitabu cha sala cha Malkia Jeanne d'Évreux wa Ufaransa una sentimita 9.2 kwa 6.2, yaani umeipita kadi yako kwa upana wa ukucha tu. Humo ndani, takriban miaka 700 iliyopita, mchoraji wa Paris aitwaye Jean Pucelle alipenyeza nyumba nzima ya Bikira Maria, malaika Gabrieli amepiga goti mlangoni, malkia mwenyewe anasali ndani ya herufi, na chini ya maneno kuna vijana wanacheza.

The Cloisters, makumbusho ya New York yanayokitunza, yana kitabu kingine cha sala, cha Mwanamfalme Jean wa Berry, maarufu kwa jina la Belles Heures. Hicho ni sentimita 23.8 kwa 17, kikubwa kidogo kuliko daftari la shule, na rangi zake zinakuita kabla hujakikaribia.

Wageni wanaopita New York huniuliza waone kipi, kwa kuwa siku zao ni chache na mji ni mkubwa. Walio nyumbani huniuliza wafungue kipi kwanza kwenye simu, kwa kuwa bando nalo lina mwisho. Makundi haya mawili siwapi jibu moja. Anayekuja kwa miguu yake namwelekeza kwa Mwanamfalme. Aliye na simu namwambia aanze na Malkia. Najua inasikika kinyume, maana mtu angedhani kitu kidogo ndicho cha kwenda kukiona kwa karibu, na kikubwa ndicho cha kujaza kioo. Subiri nieleze.

Kwanza, kwa nini viwili hivi

Vingeweza kulinganishwa vitabu vingi vya Zama za Kati, lakini hivi viwili ni kama ndugu waliolelewa nyumba moja. Vyote vilinunuliwa mwaka 1954 kutoka kwa familia ya Rothschild, vikawekwa The Cloisters, tawi la Metropolitan Museum of Art lililofunguliwa mwaka 1938 kaskazini mwa Manhattan, jengo lililounganishwa kwa mawe na nguzo za monasteri kongwe za Ulaya. Hata namba zao zinafuatana: cha Mwanamfalme ni 54.1.1, cha Malkia ni 54.1.2. Ziandike pembeni, utazihitaji.

Kazi yao pia ni moja. Mkatoliki anayesali Masifu ya Asubuhi na ya Jioni ataelewa upesi: watawa walikuwa na vipindi vya sala mchana na usiku, na walei wenye uwezo wakataka nao vyao, vifupi zaidi. Ndipo vikatengenezwa vitabu vyenye kalenda ya sikukuu, masifu ya Bikira Maria kwa vipindi vya siku, Zaburi saba za toba na litania ya watakatifu. Vyote viwili vimeandikwa kwa mkono juu ya ngozi, na sala zake ni za Kilatini. Usiogope Kilatini. Hakuna atakayekusomesha, na picha zinasema vya kutosha.

Jambo la tatu ndilo linalonifurahisha. Jeanne alipofariki mwaka 1371 alimwachia Mfalme Charles wa Tano kile kitabu kidogo, na baadaye kikaangukia mikononi mwa ndugu yake mfalme, huyuhuyu Jean wa Berry. Katika orodha za mali zake kimeandikwa "Heures de Pucelle", yaani kwa jina la mchoraji. Kwa hiyo mtu mmoja aliwahi kuvimiliki vyote, na si ajabu wachoraji wake walikishika kile kidogo wakakitazama kwa jicho la wivu.

Cha Malkia: udogo wenye mambo mengi

Jeanne aliolewa na Charles wa Nne mwaka 1324. Walikuwa watoto wa baba wakubwa na wadogo, wote vitukuu vya Mfalme Ludoviko wa Tisa, yule mtakatifu. Mwaka 1328 mfalme akafa, mkewe akiwa mjamzito. Ufaransa yote ikasubiri. Akazaliwa mtoto wa kike, kiti kikaenda kwa ukoo wa Valois, na ugomvi wa nani hasa alistahili kiti hicho ukawa mojawapo ya mizizi ya Vita vya Miaka Mia kati ya Ufaransa na Uingereza. Jeanne alikaa mjane miaka 43. Wosia wake unataja kijitabu kidogo sana cha sala ambacho mumewe alimtengenezea, na kwamba Pucelle ndiye aliyekipamba.

Kina karatasi 209, picha 25 za ukurasa mzima, na karibu vikatuni 700 pambizoni. Hivyo 700 ndivyo vinavyokifanya kiwe kama kilivyo. Nyani, sungura, wapiga zumari, ombaomba, viumbe nusu mtu nusu mnyama wakining'inia kwenye mikia ya herufi. Wataalamu wamebishana sana kuhusu maana yake: wengine wanaona mzaha, wengine mafundisho kwa bibi harusi kijana, wengine vikumbusho vya kusaidia akili kushika sala. Mimi nadhani Pucelle pia alikuwa anajifurahisha. Mtu havichori vitu 700 kwa kulazimishwa.

Tukae kidogo kwenye kurasa mbili tu, ule wa 15 upande wa nyuma na wa 16 upande wa mbele, ambazo ukifungua kitabu zinatazamana. Kulia ni Kupashwa Habari. Maria yuko ndani ya kijumba kilichochorwa kama sanduku lililofunguliwa ubavu, dari inaonekana, sakafu inaonekana. Mtindo huo wa kuonesha kina cha chumba ulikuwa mgeni Paris, na inaaminika Pucelle aliuchota kwa wachoraji wa Italia. Chini yake sala inaanza, "Ee Bwana, uifumbue midomo yangu", na ndani ya herufi ya kwanza yumo Jeanne mwenyewe na kitabu chake. Ni kitabu hikihiki, mwenye nacho akiwa anakisali ndani yake.

Kushoto sasa. Ungetegemea furaha nyingine, lakini ni bustani usiku, askari wamejaa, Yuda anambusu Yesu. Kwa anayesali rozari mpangilio huu hauhitaji maelezo mengi: tendo la kwanza la furaha limewekwa uso kwa uso na uchungu. Masifu ya Bikira Maria yanaendelea hivyo, utoto wa Yesu upande mmoja, mateso yake upande wa pili, kipindi baada ya kipindi. Na chini? Chini ya Yuda kuna watu waliopanda mbuzi wakijifanya mashujaa wa farasi, mikuki mkononi, wanalenga pipa. Chini ya Gabrieli kuna mchezo: mmoja ameketi katikati, wenzake wanamzonga na kumpiga. Wengi wanauona mchezo huo kama mwangwi wa Yesu aliyefungwa macho akapigwa makofi. Sasa rudia kukumbuka kwamba yote haya yamekaa ndani ya kadi mbili za NIDA.

Rangi ndiyo itakayokushangaza, au kukuudhi. Watu wamechorwa kwa kijivu, kutoka karibu-cheupe hadi karibu-cheusi, huku nyuma yao kukiwa na buluu au nyekundu kidogo. Wanaonekana kama sanamu za pembe za ndovu, na haishangazi, maana Paris ya wakati ule ilikuwa mji wa wachonga pembe zilizosafirishwa kutoka Afrika. Mwanzoni niliona kitabu kimepooza. Baada ya kukizoea, nikirudi kwenye vitabu vyenye rangi nyingi naona kama watu wanapiga kelele.

Sehemu nyingine ni masifu ya Mtakatifu Ludoviko, babu yao maharusi. Anamlisha mtawa mwenye ukoma kwa mkono wake. Yumo gerezani, mateka wa vita kule Misri, analetewa kitabu chake cha sala na njiwa. Kwa binti aliyeingia ikulu, ujumbe haukufichwa.

Cha Mwanamfalme: hadithi baada ya hadithi

Jean wa Berry alikuwa mwana wa mfalme, ndugu wa mfalme, na ami wa mfalme, ila mwenyewe hakuwahi kuwa mfalme. Alijifariji kwa kununua. Alikuwa na vitabu vipatavyo 300, mkusanyiko mkubwa mno kwa enzi ya kunakili kwa mkono, na wananchi wa Languedoc, kusini mwa Ufaransa, aliokuwa anawatoza kodi hawakuwa na hamu naye hata kidogo.

Wachoraji wake walikuwa ndugu watatu kutoka Nijmegen, katika Uholanzi ya leo: Herman, Paul na Jean Limbourg. Wawili kati yao, wakiwa bado vijana wadogo, walikamatwa Brussels wakiwa njiani kurudi kwao, wakakaa kizuizini miezi kadhaa hadi mtawala wa Burgundy akawalipia fidia. Walipofika kwa Jean wa Berry walizoeana naye kiasi cha kumtania. Mwaka mpya wa 1411 walimpa zawadi ya kitabu kizuri kabisa, ambacho hakikufunguka: lilikuwa gogo la mbao lililopakwa rangi likafanana na kitabu. Mtu anayeweza kutaniwa hivyo na mafundi wake hakosi jema moja.

Belles Heures waliifanya kati ya 1405 na 1409 hivi. Karatasi 224, picha 172, nyingi za ukurasa mzima. Ndicho kitabu pekee walichokimaliza wenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kile chao maarufu zaidi, Très Riches Heures, kilichoko Chantilly nchini Ufaransa, walikiacha njiani, kwa kuwa mwaka 1416 ndugu wote watatu walifariki, na bwana wao pia mwaka huohuo.

Hapa pambizo ni tulivu. Kurasa karibu zote zimezungukwa na vijani vya dhahabu vinavyofanana. Akili yote imekwenda kwenye picha zenyewe, na hasa kwenye hadithi ambazo hazikuwa kawaida katika vitabu vya aina hii. Ghafla sala zinasimama, na unapata kurasa kadhaa mfululizo za picha kubwa zenye maelezo mafupi chini, kama kitabu cha katuni. Na baadhi ya hadithi hizo zimetokea Afrika, jambo ambalo wageni wangu hawalitegemei. Katarina wa Aleksandria anasoma, anawashinda wanafalsafa kwa hoja, anateswa, anakatwa kichwa, malaika wanaubeba mwili wake hadi Mlima Sinai. Antoni Abate anapita jangwani Misri kumtafuta Paulo Mkaapweke, anaelekezwa njia na kiumbe nusu mtu nusu farasi, kunguru anawaletea mkate, na Paulo akishakufa simba wanakuja kusaidia kumzika. Bila shaka Misri yenyewe imechorwa kama Ufaransa, majani mabichi kila mahali. Wale vijana hawakuwahi kuona jangwa.

Hadithi ninayoipenda ni ya msomi wa Paris, Diocrès. Ibada ya mazishi inaendelea, waombolezaji wamevaa majoho, mara maiti anainuka kutoka jenezani kutangaza kwamba amehukumiwa. Mtu mmoja aliyekuwepo, Bruno, aliogopa akaenda kuanzisha utawa wa Wakartusi milimani. Ukilinganisha na mizaha ya Pucelle, hii si ya kucheka, lakini geuza mbele hadi kwa Mtakatifu Yeronimo: watawa wenzake wamembadilishia nguo gizani, naye ameingia kanisani na gauni la kike bila kujua.

Buluu iliyo humu ni ile ya jiwe lililochimbwa Badakhshan, Afghanistan, likasagwa, na enzi hizo ilihesabiwa miongoni mwa rangi ghali kupita zote. Hapa ipo kwa wingi. Ukisimama hatua mbili kutoka kwenye kioo bado inawaka.

Kwa nini jibu langu liko kinyume

Shemeji yangu, mwalimu wa sanaa na dini huko Moshi, alikuja kututembelea nikampeleka. Ndani ya vyumba vya vitabu kama hivi taa hufifishwa kwa makusudi, kwa kuwa mwanga unakula rangi. Kitabu kimelala ndani ya kabati la kioo, kimefunguliwa kurasa mbili tu, na huwezi kukigusa wala kukigeuza. Alipofika kwenye kile kidogo aliinama, akavua miwani, akaivaa tena, halafu akatoa kitambulisho chake kwenye pochi akakishikilia hewani juu ya kioo apime.

"Shemeji," akasema, "hiki si kitabu. Hii ni hirizi."

Alicheka, lakini hakukosea sana. Ni kitu cha kushikwa kiganjani, sentimita chache kutoka usoni pa mtu mmoja. Nyuma ya kioo unaona udogo wake, unashangaa, na basi. Mbuzi na pipa hukuwaona. Uso wa Jeanne ndani ya herufi hukuuona. Kwenye simu mambo yanageuka: kioo cha simu na ukurasa wa Malkia havijapishana sana kwa upana, unakishika kwa umbali uleule alioushika yeye, na ukivuta picha kwa vidole viwili unaona hata alipoinua kalamu.

Cha Mwanamfalme kinavumilia kabati. Dhahabu inahitaji mwanga wa kweli unaotembea juu yake unaposogeza kichwa, na hilo hakuna simu inayolitoa. Kwenye skrini dhahabu inakuwa kahawia tu. Ukubwa wake pia unatosha kusomeka kwa mtu aliyesimama. Na kwa kuwa kila picha ni tukio linalojitegemea, kurasa mbili zinakushibisha. Kurasa mbili za kile kidogo zinakuacha na njaa.

Hiyo ndiyo kanuni yangu, ila ina mipaka. Kama unatafuta picha za kufundishia watakatifu, hata ukiwa kwenye simu nenda moja kwa moja kwa Mwanamfalme, kwa sababu Malkia hana hadithi ndefu zaidi ya Yesu, Maria na Ludoviko. Ila pitia kwanza peke yako. Mateso ya Katarina hayajapunguzwa makali, na kuna vishawishi vya jangwani ambavyo hutataka kuvieleza mbele ya watoto wa komunyo ya kwanza. Mbunifu wa kadi, nembo au vitambaa atavuna zaidi kwenye pambizo za Pucelle. Anayetaka kitu cha kusali nacho, si kukitazama tu, achukue cha Malkia bila kujiuliza mara mbili. Kile kingine kinamkumbusha mno mwenye mali, mara picha yake, mara ya mkewe, na karibu na mwisho yuko na msafara wake safarini.

Namna ya kuvifikia

Kwa walioko New York au wanaopita: treni ya A hadi 190th Street, kisha kutembea ndani ya bustani ya Fort Tryon. Jumatano hufungwa. Wakazi wa jimbo la New York hulipa kiasi wanachoweza. Vitabu vya ngozi hupumzishwa mara kwa mara, kwa hiyo angalia tovuti ya makumbusho kabla ya kupanda treni, usije ukafunga safari ukakuta kimoja kimelala stoo.

Kwa wenye simu: fungua metmuseum.org, andika ile namba, 54.1.1 au 54.1.2, na picha zitakuja. Tangu mwaka 2017 makumbusho hayo yameachia picha za kazi zilizokwisha haki miliki, kwa hiyo unaweza kupakua na kuchapa bila kuomba ruhusa. Pakua kurasa chache ukiwa kwenye wi-fi. Picha zake ni nzito.

Shemeji alifanya hivyo aliporudi. Alikwenda steshenari akachapa zile kurasa mbili kwa ukubwa wake halisi, sentimita 9.2 kwa 6.2, akazikata kwa mkasi, na darasani akagawa kwanza ile ya kulia peke yake, ya Gabrieli, bila kusema neno. Wanafunzi wakazisogeza machoni. Walimwona malaika, wakamwona malkia. Kisha msichana mmoja wa nyuma akanyoosha kidole. "Mwalimu, huyu aliyekaa hapa chini, wanampigia nini?"

Ndipo akagawa ya kushoto.